Siku Sufuria Ilipoficha Ndege

Kabla ya yote naomba mnisamehe kwa mwandiko. Nilimaliza darasa la saba na hapo ndipo masomo yangu yalipoishia, na mkono wangu umezoea bisibisi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande kama watu waliochoka kwenye foleni, na pale nisipokuwa na uhakika na neno nimeliandika vile ninavyolisikia. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Mkikuta kosa, lirekebisheni kimoyomoyo muendelee mbele, maana jambo lenyewe ni la kweli na nimekaa nalo muda mrefu.

Mimi ni fundi wa redio na rimoti. Meza yangu iko kwenye korido ya chini ya ghorofa moja pale Kariakoo, kati ya duka la mabegi na ngazi. Nalala katika nyumba hiyo hiyo, juu kabisa, kwenye chumba kilichojengwa pembeni ya matangi ya maji. Ni mtu wa aibu. Shuleni mwalimu alipouliza swali, jibu nilikuwa nalo, lakini nililijibu ndani ya kichwa, halafu nikasubiri mwenzangu alitoe kwa sauti. Akikosea, nilimwonea huruma kimya kimya. Mpaka leo wateja wakiniuliza rimoti yao imeharibika nini, naona rahisi zaidi kuitengeneza kuliko kueleza.

Katika nyumba ile kuna watu wawili mnaopaswa kuwajua. Wa kwanza ni mama mwenye nyumba, mtu wa hapo hapo mjini, ambaye bibi yake alizaliwa mtaa ule kabla haujawa na ghorofa hata moja. Wa pili ni mzee wa ghorofa ya pili, Mhindi aliyezaliwa Kisutu, anayeuza miwani. Tunamwita mzee wa miwani. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya ndege.

Siku moja aliniita dukani kwake akanionyesha simu. Ilikuwa ramani ya dunia, na juu yake vindege vya njano vimejaa kama sisimizi kwenye sukari. Ukikigusa kimoja kinakwambia kimetoka wapi, kinaenda wapi, kiko juu kiasi gani na kinakimbia kasi gani.

"Unadhani wanajuaje?" akaniuliza.

Nikadhani ni picha zinazopigwa kutoka angani. Sikusema.

"Si picha," akasema, kana kwamba nimesema. "Ndege yenyewe inajitangaza. Kila sekunde inapiga kelele kwenye redio: mimi ni fulani, niko hapa, niko juu hivi. Mahali ilipo inapajua kutoka kwenye setilaiti. Haituambii sisi, inawaambia wenzake na waongozaji. Lakini redio ni redio. Mwenye masikio anasikia."

Hilo nililielewa mara moja, maana redio ndiyo kazi yangu. Akanieleza kwamba wenye ile ramani hawana masikio yao kila mahali. Wanategemea watu wa kawaida, huyu Mombasa, yule Nairobi, mwingine kisiwani huko, kila mmoja na antena juu ya paa lake na kisanduku kinachotuma kwenye mtandao yale inayoyasikia. Yote yanakusanywa pamoja, ramani inachorwa. Mahali pasipo na mtu mwenye antena, ramani ni kiziwi.

Zipo ndege nyingine, za zamani au ndogo, ambazo hujitaja jina lakini hazisemi ziko wapi. Hizo hutafutwa kwa vituo vinne. Mzee alinieleza kwa mfano wa muuza kahawa wa mtaani kwetu, yule anayepita akigonga vikombe. Ukiwa na watu wanne kwenye madirisha manne, na kila mmoja akaandika kwa usahihi kabisa ni lini alisikia mlio wa vikombe, unaweza kukaa ndani na kujua muuza kahawa amesimama wapi. Niliufikiria mfano huo wiki nzima. Hata sasa nikisikia vile vikombe najiuliza jirani amevisikia kabla yangu au baada.

Mzee alikuwa amejaza fomu, na wenye ramani wakamtumia kisanduku bure, kwa sababu upande wetu masikio ni machache. Kisanduku chenyewe ni kama kipande cha sabuni, na antena yake ni fupi kama penseli. Lakini magoti ya mzee hayapandi ngazi mpaka juu, kwa hiyo alinihitaji mimi, na mimi nilihitaji ruhusa ya mama mwenye nyumba.

"Juu ya nyumba yangu kuna matangi, kamba za nguo, na wewe," mama akaniambia. "Panatosha."

Mzee akamwomba kwa niaba yangu siku tatu mfululizo na hakufua dafu. Kilichotuokoa ni dada yake mama.

Dada huyo ni mkubwa wake na anaishi Maskati tangu alipoolewa. Waligombana baada ya msiba wa mama yao, na waligombania sufuria. Msicheke. Ilikuwa sufuria kubwa ya kupikia pilau, nzito, yenye mbonyeo upande mmoja, na mama yao aliipikia harusi zote za ukoo. Dada mkubwa alisema ni haki yake kwa kuwa ni wa kwanza kuzaliwa. Mdogo akasema ni yake kwa kuwa ndiye aliyebaki kuisugua. Miaka kadhaa iliyopita yule dada alikuja ili wapatane. Mama mwenye nyumba alikwenda uwanja wa ndege mapema, baada tu ya sala ya alfajiri. Ndege ikachelewa. Akasubiri, akasubiri, mwisho akaenda kutafuta chai, na katika dakika zile za chai dada akatoka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mtu. Akachukua teksi mpaka hotelini Posta, akalala siku mbili, akarudi Maskati bila kukanyaga Kariakoo.

Sasa alikuwa anakuja tena. Najua alichosema kwa sababu spika ya simu ya mama ilikuwa imeharibika na mimi ndiye niliyekuwa naitengeneza, na ujumbe wa sauti uliingia ikiwa mikononi mwangu. Mama akanifanya niucheze mara saba.

"Nakuja," sauti ilisema. "Nikitoka pale mlangoni nisipoiona sura yako, sitauliza, wala sitasubiri. Nageuka hapo hapo nakata tiketi ya kurudi. Na hutanisikia tena mpaka mmoja wetu aingie kaburini."

"Ataweza?" nikauliza. Ni moja ya maswali machache niliyowahi kumwuliza.

"Huyu? Huyu alikaa mwaka mzima bila kula samaki kwa sababu muuza samaki alimjibu vibaya."

Nikamwambia aende mapema.

"Mara ile nilienda mapema, ndiyo maana nikamkosa," akasema. "Mapema inachosha. Mtu akichoka anatafuta chai. Safari hii sitaki saa, nataka dakika."

Hapo mzee wa miwani, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi anapumzisha magoti, akamwambia kwamba dakika anazo yeye, ziko ndani ya kisanduku, zinasubiri ruhusa. Jioni ile mama alipanda mwenyewe juu kunichagulia mahali pa antena. Akaamua iwe juu ya tofali nyuma ya tangi kubwa, mbali na kamba za nguo, ili isichafue shuka.

Nikaifunga. Nikaunganisha na intaneti ya mzee kwa waya ulioshuka ukutani. Kabla sijamaliza kuteremka ngazi, simu ya mzee ilionyesha ndege tisa zilizosikika kutoka kwenye tofali letu.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Mama alianza kuziita ndege zetu. "Ndege yetu ya mchana imechelewa," alikuwa akisema huku akianua nguo, kama mtu anayemsema mpangaji. Ndege ya Mwanza ilipozunguka mara mbili kabla ya kutua, alinilaumu mimi. Kila asubuhi alitaka nimwonyeshe Maskati iko wapi kwenye ramani, na ndege za huko zinapita njia gani kuja kwetu.

"Ikija yake, nitamwona?"

"Utaiona ndege, mama."

"Amekaa kiti gani?"

"Hiyo haisemi."

"Amevaa nini?"

"Haisemi, mama."

"Sasa inapiga kelele kila sekunde inasema nini?"

Nikamwambia inasema jina lake, iko wapi na iko juu kiasi gani. Akafikiri. "Basi ni kama yeye," akasema.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Mpango ulikuwa hivi. Dereva wa bajaji atasubiri mlangoni. Tutaifuatilia ndege kwenye ramani, na ikianza kushuka upande wa Pemba, tunaondoka. Mzee alikuwa amepiga mahesabu mpaka akaweka na muda wa dada kusimama kwenye foleni ya pasipoti na kusubiri mabegi. Kwa heshima ya siku ile alipanda ngazi zote mpaka juu, akipumzika kila ghorofa, akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya ubaraza wa chumba changu na simu mkononi.

Mama alikuwa juu tangu asubuhi. Aliileta ile sufuria ya mama yao akaisugua kwa jivu na steeliwaya mpaka ikang'aa, akaiinamisha ikauke. Alitaka pilau ya kumpokea dada ipikwe humo humo, ili dada aone kwamba haikukaa bure. Alivaa dera jipya, akajifunga kanga, akawa anatembea kati ya sufuria na simu.

"Yuko wapi sasa?"

"Usawa wa Mombasa," mzee akasema. "Juu sana bado. Kuna mtu huko ana antena nzuri, anaisikia vizuri kabisa."

"Mungu ambariki."

Manyunyu yakaanza. Mzee akaniagiza nishuke nikamwambie dereva wa bajaji ajiandae. Nikashuka, nikamkuta amelala na miguu nje, nikamwamsha, nikapanda tena. Sidhani kama nilichukua dakika tano. Niliporudi mama alikuwa ameshaanua nguo zote na amerudi chini ya ubaraza, anajifuta mikono.

"Nimeanua, nimefunika kila kitu," akasema.

Nikamshukuru. Sikuuliza kila kitu ni nini.

Tukainamia simu, vichwa vitatu. Kindege cha dada kilikuwa kinakaribia Pemba, na kulingana na mahesabu ya mzee kilitakiwa kianze kushuka muda wowote. Hakikushuka. Kikapita Pemba kwa urefu ule ule. Kikapita Unguja kwa kasi ile ile, kimenyooka kama uzi.

"Mbona hashuki?" mama akauliza.

"Atashuka," mzee akasema.

Kikafika juu ya Dar es Salaam. Tulikiona kabisa kindege cha njano juu ya jina la mji wetu, futi elfu thelathini na saba, kinapita. Kikavuka. Kikaendelea kusini.

Mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa, akavaa nyingine juu yake. "Anakwenda Mafia," akasema polepole.

Mama alikaa chini, pale pale sakafuni, na dera jipya.

"Ameghairi," akasema. "Amenipita juu."

"Mama, abiria hawezi kuigeuza ndege," mzee akamwambia.

"Humjui."

"Hata awe nani. Kuna rubani."

"Rubani naye ni mtu. Amekaa naye saa tano humo ndani. Mimi nimekaa naye miaka ishirini, najua anavyoshawishi."

Kindege kiliendelea kusini juu ya bahari. Mama akaniambia nimpigie dereva wa bajaji, nimwambie aende zake, ndege imepita. Nikampigia. Dereva akauliza imepita wapi. Nikamwambia imepita tu. Akaguna, akaondoka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sehemu hii ndiyo inayonisumbua mpaka leo.

Tukiwa tumeinama vile, nikasikia mvumo. Nikainua kichwa. Kutoka upande wa Kivukoni, chini ya mawingu, ilikuwa inakuja ndege kubwa, magurudumu nje, taa zinawaka, inashuka. Njia ya kwenda uwanjani hupita karibu na vichwa vyetu, hilo kila mtu wa Kariakoo analijua hata asipofikiri. Ilikuwa chini kiasi kwamba niliona madirisha. Matangi ya maji yalitetemeka.

"Ndege ile," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Sauti yangu hainitoki vizuri hata pakiwa kimya.

"Ndege ile," nikasema tena.

"Tunaiangalia, kijana," mzee akasema bila kuinua macho. "Inaikaribia Mafia."

"Ile ya juu."

Mzee akainua macho nusu, akaiona, akarudisha macho kwenye simu. Akaitafuta ramani nzima ya mji. Akatikisa kichwa.

"Hiyo haipo," akasema.

Ndege ilikuwa juu ya vichwa vyetu wakati anasema maneno hayo. Ilibidi ayaseme kwa kupaza sauti, kwa sababu ya mvumo wa hiyo ndege isiyokuwepo.

Kwa kitambo kidogo nami nikaamini. Aibu inamfanya mtu awe hivyo. Ukiambiwa na mkubwa wako kwamba unachokiona hakipo, unaanza kuyatilia shaka macho. Nikatazama simu, hakuna ndege juu ya mji. Nikatazama juu, ipo, mkia wake una rangi zile zile alizotuonyesha mzee asubuhi kwenye picha. Nikakumbuka jambo ambalo yeye mwenyewe alinieleza mwanzoni kabisa. Ndege ikipotea masikioni, ramani haiifuti hapo hapo. Kwa muda inaendelea kuichora kwa kukisia: ilikuwa inakwenda hivi, kwa kasi hii, basi sasa itakuwa pale. Yule wa Mombasa huisikia ikiwa juu. Ikishuka, dunia inamziba, na kazi ya kuisikia inakuwa ya masikio ya karibu. Vituo vingine vya mjini siku ile vilikuwa kimya, nadhani kwa sababu ya kukatika umeme huko kwao. Tulikuwa tumebaki sisi.

Kile kindege cha Mafia hakikuwa ndege. Kilikuwa ni dhana.

Nikakimbia nyuma ya tangi. Juu ya tofali sikuona antena. Niliona sufuria ya pilau, imeinamishwa, inang'aa, na juu yake jiwe ili upepo usiiangushe.

"Mama," nikaita. Safari hii nilipiga kelele, na sauti iliyonitoka sikuitambua. "Nani kaweka sufuria hapa?"

"Mimi," akajibu kwa utulivu. "Inanyesha. Ningeiacha antena ilowe?"

Niliinua sufuria. Nikamsikia mzee upande wa pili wa tangi akitamka neno la Kigujarati ambalo sijawahi kumsikia akilitumia mbele ya mwanamke. Nilipozunguka na sufuria mikononi nikawakuta wote wawili wamesimama. Kindege kilikuwa kimeruka kutoka Mafia, kimetua juu ya Vingunguti, futi mia tisa, kinashuka.

"Amegeuza," mama akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Amenihurumia, amegeuza."

"Hajageuza, mama," nikasema.

"Alikuwa Mafia. Sasa yuko Vingunguti. Na hajageuza?"

Hapakuwa na muda wa kueleza habari za kukisia. Nilimpa sufuria aishike ili nimpigie dereva wa bajaji, na dereva akanijibu yuko Magomeni na abiria, si ndiyo nilimwambia ndege imepita? Tukateremka ngazi. Mzee alibaki juu, magoti yakiwa yamegoma, akawa anatupigia kelele kutoka ukutani: "Imegusa ardhi! Bado foleni ya pasipoti! Mna muda kidogo!" Watu wa duka la mabegi wakatoka kutazama nani amegusa ardhi.

Nikasimamisha bodaboda mbili. Hapo ndipo mvua ilipoamua kunyesha kwa kweli, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mama bado amekumbatia sufuria.

"Mama, kofia ngumu ninayo moja tu, na hii ni yangu," dereva wake akamwambia.

Mama akaigeuza sufuria akajivika kichwani. "Ngumu kuliko hii unayo?" akauliza, na sauti yake ikatoka na mwangwi.

Tukaenda. Nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo niliiona safari nzima: mgongo wa dera lililolowa, na juu yake sufuria inayopigwa na mvua ikilia kama bati. Kwenye taa askari wa barabarani alitutazama, akainua mkono kutusimamisha, akautazama ule mkono wake mwenyewe, akaushusha. Mama hakuona lolote. Aliona magoti yake tu, alikuja kuniambia baadaye, na njia yote aliomba dua kwamba mabegi yachelewe.

Mabegi hayakuchelewa. Tulipofika, dada alikuwa ameshatoka. Nilimjua kabla sijaambiwa, kwa sababu alikuwa amesimama kama mama mwenye nyumba anavyosimama akidai jambo: mguu mmoja mbele, mkono kiunoni. Alikuwa ameshatazama kulia. Alikuwa ameshatazama kushoto. Ameshika toroli la mabegi kwa mkono mmoja, na analigeuza lielekee ndani.

Mama aliteremka kwenye bodaboda akakimbia, sufuria bado kichwani, imeshuka mpaka puani. Nataka mwelewe kwamba dada alisema asipoiona sura. Na sura haikuonekana. Kilichokuwa kinamjia kwenye mvua ni sufuria yenye miguu.

Dada akasimama. Akaliacha lile toroli.

"Hiyo ni sufuria ya mama?" akauliza.

Mama akaivua. Nywele zimeloa, wanja umeshuka mpaka mashavuni. Alikuwa anahema.

"Umeibeba mwenyewe mpaka huku?"

"Nimeibeba."

"Kichwani?"

"Si unaona."

Dada aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akatafuta ule mbonyeo upande mmoja, akapitisha kidole.

"Nilijua," akasema. "Nilijua siku ukija kunipa, utanipa hadharani, watu wote waone. Ndivyo ulivyo tangu mdogo. Huwezi kufanya jambo dogo dogo."

Mama alinitazama juu ya bega la dada. Ni mimi peke yangu pale uwanjani niliyejua kwamba sufuria ile haikuletwa kupewa mtu. Ililetwa kwa sababu haikuwa na pa kuwekwa. Macho ya mama yaliniambia waziwazi kwamba nikitamka neno moja nitafute chumba mtaa mwingine. Hakuwa na haja ya kuhofia. Kwa mara ya kwanza maishani ukimya wangu ulikuwa na kazi.

"Nimekuletea," mama akasema. "Ichukue."

Wakakumbatiana sufuria ikiwa katikati, inawazuia. Ndipo nami nikasalimia: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe ni nani?"

"Huyu ndiye fundi wangu wa ndege," mama mwenye nyumba akasema, kama mtu anayesema fundi wangu wa cherehani.

Pilau ya mapokezi ilipikwa kwenye sufuria ya kuazima. Dada alikaa siku nyingi na aliondoka wamepatana, na sufuria ikaenda naye Maskati, imefungwa kanga mbili na kamba. Saa ya ndege yake mama alipanda juu na tukaifuatilia wote watatu. Siku hizi antena ina kofia yake, kopo la plastiki lililokuwa la siagi. Mimi na mzee tulijaribu vyombo vyote vya jikoni kimoja kimoja. Plastiki hupitisha sauti za ndege. Bati na sufuria huziba. Mama alisema tungemwuliza yeye tangu mwanzo, kwa sababu hata redio yake ikiwa ndani ya kabati la bati haikamati.

"Iko juu kiasi gani sasa?" akauliza, ndege ikiwa juu ya Unguja.

"Futi elfu ishirini," mzee akasema.

"Sufuria ya mama, futi elfu ishirini."

Akanigeukia. "Mpaka leo hujamwambia kwamba nilikuwa najikinga mvua?" akaniuliza.

"Sijamwambia."

"Vizuri."

Ndege ilipopita Pemba, mzee alisema hatuisikii tena sisi, sasa anaisikia yule wa Mombasa. Mama akauliza yule wa Mombasa ni nani. Mzee akasema hakuna anayejua, ni mtu tu mwenye antena kwenye paa. Mama akasema basi mtu huyo asalimiwe, na aambiwe asifunike kitu hata kama inanyesha, mpaka mzigo ufike.

Nimeahidi kuzifikisha salamu hizo, na njia nyingine siijui isipokuwa hii. Kama wewe unayesoma ndiye yule wa Mombasa, niandikie. Na kama unaishi Lindi, au Tanga, au mahali ambapo ramani ni kiziwi, niandikie pia, uniambie ndege gani zinapita juu ya paa lako na unajuaje kwamba zimepita. Andika hata kama mwandiko wako ni mbaya kuliko wangu. Nitasoma polepole, kama ninavyoandika, lakini nitajibu.